Propela ya Gari la Uani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpa mkono Mkuu wa Karakana, na papo hapo watu wote wakajua kwamba kazi siijui. Fundi mwenye mikono ya grisi hakupi kiganja. Anakunja ngumi na kukuelekezea kifundo cha mkono, nawe unakishika hicho, salamu imekwisha. Mimi nilikipita kifundo, nikaifungua ngumi yake kwa heshima zote nilizofunzwa nyumbani, nikaitikisa. Shati langu lilikuwa jeupe. Kwapani nilikuwa na faili lenye shahada ya uhandisi mitambo, nakala tatu, zote zimegongwa muhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo faili la nini?"

"Vyeti vyangu, mzee."

"Vizuri. Pale kuna dumu la dizeli, na lile pale ni rundo la vyuma. Faili liweke mahali pakavu."

Karakana ilikuwa Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, kwenye uchochoro ambao upande mmoja wanauza spea na upande wa pili wanauza spea zilizotoka upande wa kwanza. Nimetumika pale mpaka mwaka jana, nilipostaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano, kwa hiari yangu na kwa shinikizo la magoti. Sasa vijana wa ufundi huja kuniuliza tulifanyaje kazi zamani kidogo, kabla kila kitu hakijaja kikiwa tayari ndani ya boksi. Wanauliza kwa adabu, wakidhani kwamba niliyoyafanya nilikuwa nayaelewa. Sipendi kuwavunja moyo, kwa hiyo huanza na yale niliyoyaelewa, ambayo ni machache na hayachukui muda.

Miezi saba ya mwanzo niliosha vyuma. Msimamizi wangu aliitwa Msimamizi wa Maosho, cheo ambacho nadhani alijipa mwenyewe, na alikilinda kuliko wakuu wengine walivyolinda vyao. Alinifundisha jambo moja ambalo chuoni halikuwa na kozi: chuma kinachofunguliwa kitiwe alama kabla hakijaoshwa, kwa sababu dizeli huondoa uchafu na kumbukumbu kwa pamoja. Nikahamishiwa stoo chini ya Mtunza Stoo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyejua beringi ipi iko rafu ipi lakini hakujua miwani yake iko wapi. Huko nilikaa mwaka mmoja na nusu. Kisha nikapelekwa chini ya magari, kwa Fundi Mkuu, na huko ndiko nilikobaki.

Fundi Mkuu alitoka Newala akiwa kijana na hakuwahi kuharakisha neno tangu siku hiyo. Ukimuuliza swali, alifuta mikono kwanza. Ukiwa na shahada, alifuta mikono mara mbili.

Nieleze propela, kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Injini iko mbele, na nyuma yake limeungana giaboksi. Magurudumu yanayosukuma gari yako nyuma, kwenye ekseli, na katikati ya ekseli kuna tufe la chuma liitwalo difu. Kati ya giaboksi na difu kuna bomba refu linalozunguka na kupeleka nguvu kutoka mbele kwenda nyuma. Bomba hilo ndilo propela. Kila ncha ina kiungo cha krosi, ambacho huiruhusu kupinda kidogo inapozunguka, maana ekseli hupanda na kushuka barabarani. Ncha ya mbele ina ulimi wenye meno unaoingia kwenye mdomo wa giaboksi na kuteleza humo, ndani na nje. Ulimi ukiwa mrefu mno, unagonga ndani na kuvunja giaboksi. Ukiwa mfupi mno, siku moja unachomoka gari likiwa mwendoni, na bomba zima linaanza kupiga sakafu kama mtu aliyefungiwa chini. Kwa hiyo siri yote ya propela ni urefu. Chuoni niliandika kurasa kumi na nne kuhusu propela na nikapata alama nzuri sana. Urefu nilikuwa nimepewa kwenye swali.

Sasa nifike kwa Mzee Sefu.

Mzee Sefu alikuwa dereva wa kreni bandarini kwa miaka thelathini. Alipostaafu aliagiza kutoka nje gari la kujiundia. Lilikuja ndani ya makasha matatu ya mbao: fremu ya mabomba, vipande vya bodi, viti viwili, taa, bolti zisizohesabika, na kitabu cha michoro. Injini, giaboksi na ekseli unajitafutia mwenyewe, naye alivitafuta Gerezani, kimoja kimoja, akiviunga uani kwake Magomeni kwa miaka minne. Lilikuwa gari la chini, refu mbele, fupi nyuma, la watu wawili tu. Mtaani waliliita Kiatu.

Propela haikuwamo ndani ya makasha, wala isingeweza kuwamo, kwa sababu urefu wake hutegemea giaboksi gani umepata na ekseli gani. Kitabu kile, ambacho hata namna ya kubandika kioo cha pembeni kilieleza kwa picha sita, kwenye propela kilikuwa na sentensi moja: pima mwenyewe.

Mkewe, Bi Salama, alikuwa amevumilia. Ua ndio nusu ya nyumba. Ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa, kunakosemwa. Kwa miaka minne alianika nguo kwa jirani. Sasa binti wa dada yake alikuwa anaolewa Jumapili, mapishi yalikuwa yafanyike kwake kuanzia Jumamosi alasiri, na sufuria zile kubwa za kukodi hazikai juu ya boneti.

"Litoke," alimwambia mumewe mbele yangu, siku ya Jumatatu nilipotumwa. "Likitoka kwa magurudumu yake, heri yako. Likishindwa, wale wa vyuma chakavu nimeshaongea nao. Jumamosi saa nane wanakuja na mkokoteni."

"Salama, ni miaka minne hiyo."

"Najua. Nimeihesabu kwa kamba ya jirani."

Mzee Sefu alilitazama gari, kisha akanitazama mimi. Mkuu wa Karakana alikuwa amenikabidhi kazi ile peke yangu, ya kwanza bila mtu wa juu yangu, na nilipoona macho ya mzee yule nilitamani kurudi kwenye dumu la dizeli.

Gari lilikuwa limepandishwa juu ya matofali, magurudumu yananing'inia. Niliingia chini kwa raha, nikapima kutoka mdomo wa giaboksi mpaka uso wa difu mara tatu, mara zote namba ileile. Nikaridhika kama mtu aliyefaulu. Jumanne tulitafuta propela ya pikapu, tukaikata, mchomeleaji akaiunga, na fundi wa kukereza akaizungusha kwenye mashine yake akiwa ameisogezea kipande cha chaki. Panapoguswa na chaki ndipo palipojipinda, hapo anapagonga taratibu, anazungusha tena, mpaka chaki iache mstari mzima kuzunguka bomba. Ilitoka imenyooka kabisa. Jumatano asubuhi niliifunga, nikakaza nati, nikamwita Mzee Sefu aje kushuhudia tunavyolishusha gari chini.

Lilishuka. Nikachungulia. Ulimi ulikuwa umetoka mdomoni karibu wote, umeshikilia kwa meno ya mwisho.

Nilidhani nimeota. Nikapima tena, gari likiwa chini. Umbali ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya vidole viwili.

"Vipi, Injinia?" aliuliza Mzee Sefu.

"Kuna tofauti ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kutengeneza nyingine."

Nilichukua vipimo vipya gari likiwa limesimama chini kama Mungu alivyokusudia, nikaacha nafasi ya kidole kimoja mbele ya ulimi, kama Fundi Mkuu alivyotufundisha, nikarudi Gerezani na propela mbovu begani. Kariakoo nzima ilitaka kujua nimeua nini. Tukatengeneza ya pili. Alhamisi asubuhi nikarudi nayo Magomeni, nikalala chini, nikaingiza ulimi, nikasogeza nyuma kwenye difu, ikakataa. Ilikuwa ndefu. Nilisukuma mpaka jasho likaniingia machoni. Nikapima umbali upya, gari likiwa palepale, juu ya ardhi ileile, halijaguswa.

Ulikuwa umepungua.

Kuna aina ya kuchanganyikiwa ambayo msomi hukutana nayo mara chache, kwa sababu muda wote kuna mtu wa kumlaumu. Nililaumu futi ya kupimia. Nikaenda dukani kununua nyingine, nikapima futi kwa futi. Zilikuwa sawa. Nikalaumu joto, kwamba chuma hutanuka mchana, nikapiga hesabu ya kutanuka kwa chuma juu ya karatasi ya maandazi, nikakuta kwamba ili umbali ule ubadilike kiasi kile Magomeni ingebidi iwe imeungua. Wanawake waliokuwa wakipepeta ubarazani walikuwa wananitazama.

"Fundi, gari linakua?"

"Jana lilikua. Leo limepungua."

"Basi lipe chakula," mmoja alisema, wakacheka mpaka mwingine akamwaga mchele.

Nilimpigia simu Fundi Mkuu. Alifika baada ya adhuhuri, akaelekeza kifundo kwa Mzee Sefu, akasikiliza habari yangu yote, pamoja na hesabu ya joto. Akafuta mikono. Mara mbili.

"Ulilipima likiwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Sijauliza wewe ulikuwa na nani. Gari. Lilikuwa na nani ndani?"

"Halikuwa na mtu."

Bi Salama alikuwa anapita na ndoo. "Halikuwa na mtu," alisema, "lilikuwa na mkaa wangu. Magunia manne, wa harusi. Niliuweka humo Jumanne nyuma ya viti, chini ya lile turubai, usije ukanyeshewa. Leo nilipomwona fundi anakuja nikawaambia wautoe upesi, usimzuie kazi."

Alisema kwa upole, kwa sababu alikuwa ametutendea wema.

Fundi Mkuu alinipeleka nyuma ya gari akanionyesha nilichokuwa nimekitazama siku nne bila kukiona. Springi za gari lile zilikuwa za vyuma bapa vilivyopangwa kama sahani, vyenye umbo la upinde. Ukizilemea, upinde hujinyoosha, na ukijinyoosha huisukuma ekseli nyuma. Jumatatu magurudumu yalikuwa yananing'inia, ekseli ikawa mbele: propela ikatoka fupi. Jumatano kulikuwa na magunia manne, ekseli ikaenda nyuma kabisa: propela ikatoka ndefu. Alhamisi magunia yametoka, ekseli imerudi. Gari halikuwa limenidanganya hata mara moja.

"Gari la mzigo pima na mzigo," alisema. "Gari la watu pima na watu wake. Kesho asubuhi. Haitakuwapo ya nne."

Hiyo kazi inavyofanyika ni hivi, na vijana naomba mlishike hili, maana ndilo jambo la maana kuliko yote humu. Karakana tulikuwa tunajaza viroba mchanga wa uzito wa wenye gari na kuvikalisha vitini. Wengine wanacheka wakiona kiroba kimefungwa mkanda. Lakini propela ina urefu mmoja tu ulio sahihi, na urefu huo unajua ni nani atakayepanda.

Ijumaa asubuhi Fundi Mkuu alikuja na viroba vitupu. Mzee Sefu alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Wa pili ni nani?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Pima na mimi tu."

"Gari lina viti viwili, mzee wangu."

"Viti vilikuja viwili ndani ya kasha. Sikuviagiza mimi."

Nilijishughulisha na futi. Fundi Mkuu alikuwa na subira ya watu wa kusini, akaliacha jambo likae kidogo kabla ya kulisogeza.

"Tukipima na mmoja, siku ukipakia mtu litakuletea shida. Tujaze mchanga. Mama ana kilo ngapi?"

Mzee Sefu aliushika usukani kwa mikono miwili. "Miaka thelathini nimeinua mizigo pale bandarini. Kasha nikilitazama tu nakutajia tani zake, na mizani inakuja kunisadiki. Huyo sijawahi kumkadiria na sitaanza leo."

Jikoni ungo ulinyamaza.

"Kwani hicho kiti cha kushoto ni cha nani?" Bi Salama aliuliza kutoka ndani.

Akatoka, kanga imefungwa kiunoni, ungo wa mchele mkononi.

"Nauliza. Miaka minne nahadithiwa gari. Injini naijua ilitoka duka gani. Giaboksi nalijua lilirudishwa mara mbili. Mpaka rangi nimeulizwa. Kiti sijaulizwa."

"Nilidhani hulitaki," alisema Mzee Sefu.

"Silitaki. Limenitia aibu ya kamba. Lakini kutolitaka ni shauri moja, na kutoulizwa ni shauri jingine."

"Haya, nakuuliza."

"Unaniuliza sasa hivi kwa kuwa wanataka jiwe la mizani." Akamgeukia Fundi Mkuu. "Mchanga wenu rudisheni. Naingia. Ila mchele nachagua humu humu, sina siku ya kupoteza."

Kuingia ndani ya Kiatu si jambo dogo. Unakaa kwanza, kisha unaingiza miguu mmoja mmoja. Alifanya hivyo kwa heshima zake zote, akapakata ungo. Springi zikashuka. Mimi nikatambaa chini.

Nimefanya kazi chini ya magari mengi, na hakuna hata moja lililonisumbua kama lile, kwa sababu lilikuwa linaongea.

"Mbona chini hivi? Kama nimekaa kwenye jamvi."

"Ndivyo linavyotakiwa. Upepo usilishike."

"Upepo gani wa Magomeni utakaokushika wewe?"

Mzee akacheka, naye mama akacheka, gari likacheza juu chini, na futi ikanitoka.

"Mzee, naomba mtulie kidogo."

"Tumetulia. Huyu ndiye anayenichekesha."

Nikapima. Nikapima tena, nikapata namba nyingine, kwa sababu Bi Salama alikuwa ameinama kuangalia kitu.

"Na hiki?"

"Honi."

"Na hiki?"

"Hicho bado hakijaunganishwa na kitu."

"Sasa ukishalitoa unakwenda nalo wapi?"

"Nilitaka niende bandarini kwanza. Nisimame pale getini."

"Uwaonyeshe nini?"

"Kwamba mikono bado ipo. Toka nimestaafu hakuna mtu anayeniambia nyanyua hiki, weka pale."

"Mimi kila siku nakwambia nyanyua lile karai."

Gari likacheza tena, safari hii zaidi. Nilikuwa nimeandika namba tatu kwenye mkono wangu kwa kalamu ya wino, na tayari nilikuwa nimesahau ipi ni ya wametulia, ipi ni ya wanacheka, ipi ni ya kuinama. Nilitoka chini nikamwonyesha Fundi Mkuu mkono.

"Ipi niichukue?"

Akazisoma bila haraka. "Barabarani watacheka au watanyamaza?"

"Nitajuaje mimi?"

"Basi chukua ya katikati, uache kidole."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Shahada yangu, nakala tatu.

Propela ya tatu ilikatwa, ikachomelewa na kukerezwa Ijumaa baada ya sala. Jumamosi saa tatu asubuhi niliilaza chini ya Kiatu, ulimi ukaingia, nyuma ikakaa kwenye difu kama imezaliwa hapo. Nikatia grisi kwenye krosi, nikakaza bolti nne, nikazitia alama ya rangi kama Msimamizi wa Maosho alivyonifundisha. Saa nne injini ikawaka. Mzee Sefu akaweka gia ya kwanza, gari likasogea kiasi cha hatua moja kuelekea mlango wa uani, uliokuwa umeshabomolewa na kupanuliwa kwa ajili yake. Watoto, majirani, wapepetaji wa mchele, wote walikuwa uchochoroni.

Karakana yetu ilikuwa na desturi isiyoandikwa: aliyeifunga propela ndiye anayepanda kwenye jaribio. Haina maelezo marefu. Kama itachomoka, ichomoke chini yake. Nikafungua mlango wa kushoto, nikaingia, nikajifunga mkanda.

Bi Salama alitoka ndani na baibui lake, pochi kwapani.

"Fundi, shuka."

"Mama, ni desturi ya kazi. Nikihakikisha kwanza…"

"Hicho kiti kimepimwa na mimi."

Nilimtazama Fundi Mkuu. Alikuwa anafuta mikono, na mikono yake ilikuwa misafi. Nikashuka.

Wakaondoka. Kiatu kilipita mlangoni, nafasi ya kiganja kila upande, kikashika uchochoro, kikakata kona, tukausikia mlio wake mpaka barabara kubwa, kisha hatukuusikia tena. Mzee Sefu alikuwa ameacha simu juu ya tofali. Kwenye ua tupu palibaki duara la mafuta na mimi.

Saa tano. Saa sita. Nilisimama pale mlangoni nikiona mambo ambayo mtu akiwa na elimu huyaona kwa undani zaidi. Niliona ulimi ukichomoka kwenye mteremko wa Jangwani. Nilijua kasi ambayo bomba lingepiga sakafu. Ningeweza kuiandikia hesabu. Niliona ungo wa Bi Salama jikoni, umekosa mwenyewe. Wanawake wa mapishi wakaanza kufika mapema na sufuria zao, wakapanga mafiga pale lilipokuwa gari, wakaniomba nisogee, nikasogea, wakaniomba tena. Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi ya jirani.

"Hawana wasiwasi hao," alisema.

"Wewe umejuaje?"

"Hawajui kitu."

Saa saba na nusu wale wa vyuma chakavu wakafika, nusu saa kabla ya muda, na mkokoteni wao. "Mama yupo? Tumekuja kuchukua gari." Nikawaambia gari limetoka. Wakauliza limekwenda wapi. Nikasema sijui, wakanitazama kama ninawaficha. Wakaamua kusubiri. Mkokoteni ukasimama mlangoni, tukasubiri sote, wao wakilisubiri lije wabebe, mimi nikiwasubiri watu.

Saa nane walitokea kwenye kona. Kwa miguu.

Nikawakimbilia. Mzee Sefu alikuwa amebeba furushi la vitunguu begani, Bi Salama ameshika viatu mkononi, wote wamelowa jasho, na nilipowakaribia ndipo nikaona kwamba walikuwa wanacheka.

"Propela!" nilisema.

"Propela nzima," alisema Bi Salama. "Mwenye gari ndiye mbovu. Miaka minne anaunga chuma na chuma, hakutia mafuta."

"Nilitia," alisema Mzee Sefu.

"Lita mbili! Tumefika bandarini, akasimama getini, wakatoka wale wenzake, akaonyesha kila bolti. Nikamwambia turudi. Tukapita Kariakoo, nikanunua nazi na vitunguu na gunia la mchele, maana huo wa nyumbani hautoshi, tukapakia, tukaja vizuri. Kufika pale Jangwani, kimya. Nazi zimebaki na gari. Kuna mtu analilinda."

"Gunia la mchele?" niliuliza. "La kilo ngapi?"

Hakuna aliyenisikia. Mwenye mkokoteni alikuwa amesogea. "Mama, sasa hilo gari tunakwenda kulichukulia huko huko?"

Bi Salama aliweka viatu chini, akavivaa, kimoja kimoja.

"Gari gani?" alisema. "Nendeni pale Jangwani mkaniletee nazi."

Jumatatu nilijaza kadi ya kazi. Karakana yetu ilikuwa na kadi kwa kila gari, na kwenye propela kulikuwa na mstari wa kujaza mzigo uliotumika kupimia. Niliandika: mume na mke. Mkuu wa Karakana akaisoma, akaisogeza mbali, akaisoma tena.

"Kilo ngapi?"

"Sikuuliza, mzee."

Akatia saini, na wiki ile ile nikapewa benchi yangu ya kazi.

Baada ya hapo nimefunga propela nyingi, nyingine za malori ya bandarini yenye vipande vitatu na beringi katikati, na zile nyingi nilizielewa. Hapa ndipo ninapopaswa kuwaambia vijana kwamba uzoefu ni mwalimu. Labda. Lakini tangu nistaafu nina asubuhi ndefu, na nimezitumia kadhaa kupiga hesabu ya Kiatu upya: springi zile, uzito wa wale wawili kwa kukadiria kwa adabu, vitunguu, nazi, gunia la mchele la kilo hamsini, na ule urefu wa katikati. Nimeipiga mara nne. Mara zote jibu ni lile lile: siku ile ulimi ulipaswa kuchomoka, na ulipaswa kuchomoka palepale Jangwani. Haukuchomoka. Mzee Sefu na Bi Salama bado wanakitumia Kiatu kwenda sokoni, mzigo umejaa mpaka kidevuni, na propela ni ile ile.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Fundi Mkuu, ambaye siku hizi yuko kwao Newala na korosho zake. Nikamsomea hesabu yote, mstari kwa mstari. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, nikajua anafuta mikono.

"Lakini linatembea?"

"Linatembea."

"Basi usilipigie hesabu," alisema. "Litasikia."